Rubani wa Kesho

Kiwanjani, 9 Januari

Dada,

Barua yako ilinikuta naosha ndege, mikono yote sabuni, nikaisoma nimeishika kwa ncha za vidole. Nimefurahi kusikia kwamba cherehani imeacha kukata uzi, na kwamba shemeji Mwalimu ameongezewa darasa jingine la hesabu, ingawa nawahurumia hao wanafunzi.

Umeniuliza mambo matatu. Nakula. Nalala. Naruka salama.

Ndege yetu ni ile ile ya injini moja na viti sita, na kazi ni ile ile ya kupeleka watu, barua na dawa kwenye vijiwanja ambavyo mvua ikinyesha gari halifiki. Juzi nimempeleka mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kule milimani. Tulienda. Tulirudi. Hakuna cha ajabu. Mawingu kidogo tu.

Tajiri wangu anaringa nami kwa watu. Anasema tangu aniajiri, miezi minane sasa, sijawahi kukataa safari hata moja.

Mdogo wako,
Kishungi

(Ndiyo, natumia jina ulilonibandika. Hapa kiwanjani hawalijui, na usithubutu kuwaambia.)


Dukani, 24 Januari

Kishungi,

Hakuna cha ajabu! Mawingu kidogo tu!

Huyo mfanyabiashara wako wa vitambaa ndiye anayeniletea mimi vitambaa vya sare za shule. Jana kaja dukani, kaketi kwenye kiti cha wateja, na kabla hajafungua robota kaanza: "Fundi, mdogo wako ni dume! Tuliingia kwenye wingu tukawa kama tumo ndani ya gunia la pamba. Kutoka tu, namwona mbuzi dirishani. Si chini yetu, fundi. Dirishani! Ana majani mdomoni, ananitazama!"

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi. Nimekata suruali ya mtoto wa watu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Nimekulea tangu una miaka sita. Mama alipotutoka hukujua hata kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nakujua: ukiwa na ukweli unaandika sentensi ndefu zinazopotea njiani, na ukidanganya unaandika fupi fupi. Nakula. Nalala. Tulienda. Tulirudi.

Sikukatazi kuruka. Ningekuwa nataka kukukataza ningekukataza zamani, ulipokuwa unaruka kutoka kwenye paa la jikoni. Ninachokataa ni kufichwa. Niambie chote. Kama huwezi, basi usiniandikie, nitajua tu kwamba uko hai kwa sababu hakuna aliyekuja kunipa pole.

Dada yako

Mwalimu anasema, kihesabu, mbuzi hawezi kuwa dirishani mwa ndege. Nimemwambia anyamaze ale.


Kiwanjani, 3 Februari

Dada,

Hii ni mara ya tano naanza barua hii. Ni kweli. Na mbuzi walikuwa wanne. Mfanyabiashara alimwona mmoja kwa sababu alikaa upande wa kulia.

Asubuhi ile vilima vilikuwa vimefunikwa, na niliviona nikiwa bado chini. Lakini mfanyabiashara alikuwa amechelewa, anatembea huku na huku anatazama saa, na tajiri amesimama mlangoni mwa ofisi, mikono kiunoni. Hakuna aliyenilazimisha, nataka ulijue hilo. Hakuna hata aliyeniuliza. Nilitaka tu kuonekana rubani asiyeshindwa. Nikajiambia nitakwenda kutazama, nikiona vibaya nitageuka. Nikafika, nikaona vibaya, nikajiambia dakika tano zaidi. Zikaisha, nikajiongezea tano nyingine. Halafu weupe ukaniziba pande zote, nikawa sijui juu ni wapi wala chini ni wapi. Mwili uliniambia nakwenda sawasawa; vipimo vikasema nimelalia ubavu na nashuka. Nikafuata vipimo kwa sababu nilifundishwa hivyo, lakini mikono ilikuwa inabisha. Sijui ni dakika ngapi. Wingu likapasuka, na kilima kikawa pale, kwenye ncha ya bawa, na mbuzi wamesimama wanatafuna.

Nilitua, nikaagana na mfanyabiashara kwa tabasamu, nikaenda chooni nikatapika.

Tunaye fundi wa ndege, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Sote tunamwita Mama Spana. Aliniona nanawa uso. Kesho yake nilikuwa naikagua ndege, nagusa matairi, napima mafuta, napapasa pangaboi la injini, akaja akasimama nyuma yangu. "Hiyo nimeshaikagua mara mbili," akasema. "Wewe nani amekukagua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi nimeandika masharti. Si ya kampuni, ni yangu mimi. Nikilala chini ya saa sita, siruki. Nikiumwa, au nikimeza dawa yoyote inayolegeza, siruki. Nikigombana na mtu na bado najibizana naye kichwani, siruki. Hali ya hewa ikiwa mbaya, siruki. Nikiwa njiani na nikajisikia nasema "dakika tano zaidi", nageuka pale pale. Mafuta yawe ya kutosha na ziada.

Na kubwa kuliko yote: sharti halibadilishwi siku ya safari. Likibadilishwa, iwe Jumapili, nimeketi, nimeshiba, na wewe umetia sahihi. Maana nimejijua, Dada. Nikisimama kando ya ndege nina ulimi mtamu sana wa kujidanganya.

Nakutumia karatasi mbili zinazofanana. Moja tia sahihi unirudishie. Nyingine kaa nayo.

Kishungi


Dukani, 15 Februari

Kishungi,

Nilisoma barua yako nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga, mteja anagonga. Nilishukuru, kisha nikatamani uwe karibu nikufinye. Barua ndefu, sentensi zinapotea njiani. Nimekuamini.

Nimetia sahihi. Nimeongeza sharti langu: hakuna kuruka na njaa. Najua unavyokuwa ukiwa na njaa. Unakuwa na haraka na unakuwa mkaidi.

Nilitaka kuifunga bahasha, lakini Mwalimu aliiona karatasi mezani na unamjua akiona karatasi mezani. Yafuatayo ni yake, kwa kalamu nyekundu.

Dada yako

*Shemeji: kazi nzuri, lakini ina kasoro. "Hali ya hewa mbaya" si kipimo. Mbaya kiasi gani? Nani anasema? "Mafuta ya kutosha": kutosha nini? Neno lisilo na namba, mtu hulivuta kama mpira. Rudia maswali haya mawili. Sita kwa kumi. — Mwalimu*


Kiwanjani, 20 Machi

Dada, na Mwalimu,

Nimerudia. Hapa kiwanjani, ukisimama langoni, kuna kilima chenye mnara. Nisipouona mnara wote, kuanzia chini hadi kwenye taa yake, siendi milimani. Mafuta: ya kufika, ya kurudi, na ya saa nzima juu yake. Natumaini sasa nimefaulu.

Lakini kufuata ni kazi. Jumanne iliyopita mnara ulikuwa umekatika nusu. Nikawaambia abiria: kesho. Walikuwa wanne. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe akauliza, "Hii ni ndege au ni daktari wa meno?" Alhamisi, mvua, nikasema kesho. Tajiri aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko kelele, kama labda nimechoka na kazi. Nilipotoka ofisini, nikawasikia wabeba mizigo wananiita Rubani wa Kesho. Sasa hata mama wa chai ananiita hivyo. "Rubani wa Kesho, chai yako leo au kesho?"

Nacheka nao, ila nikirudi chumbani sicheki. Naomba jambo, na naliomba kwa utaratibu: Jumapili hii naandika nimeketi, nimeshiba. Tupunguze sharti la mnara. Nusu ya mnara inatosha. Marubani wengine wanaenda hata bila kuuona.

Kishungi


Dukani, 2 Aprili

Kishungi,

Hapana.

Umesema uliandika Jumapili, lakini barua ina tarehe ya Alhamisi, siku ile ile ya mvua na ofisi. Kwa hiyo hata ombi lenyewe ni la siku ya safari.

Waache wakuite. Mimi waliniita Mama Mdogo nilipokuwa na miaka kumi na saba nimekubeba mgongoni, na sijafa. Asiyetaka kungoja na apande punda. Hata awe nani.

Dada yako


Hospitali, 19 Aprili

Wewe,

Sikuandikii unijibu. Naandika kwa sababu niko kwenye benchi hili tangu juzi, na mikono yangu haijazoea kukaa bure.

Alhamisi Mwalimu aliamka amejikunja. Tukamfikisha kituo cha afya. Mganga akambonyeza tumbo upande wa kulia, Mwalimu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Ni kidole tumbo, mganga akasema, na kinaweza kupasuka saa yoyote. Upasuaji haufanyiki pale. Apelekwe hospitali kubwa: saa saba kwa barabara, dakika arobaini kwa ndege.

Nikamwambia, "Mdogo wangu ni rubani." Nilisema kwa majivuno, Kishungi. Watu walinigeukia.

Nesi akaita kwenye redio. Tukangoja. Akaandika jibu, akanisomea: rubani anasema haiwezekani leo.

Nilitoka nje nikatazama juu. Hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Nguo kwenye kamba hazitikisiki. Nilirudi nikamwambia aulize tena, nikasema na maneno mengine ambayo nesi hakuyapeleka. Haiwezekani.

Tulimlaza kwenye godoro nyuma ya Landrova ya kituo, mimi nimemshika kichwa, mganga ameketi kando. Kila shimo alikuwa ananiambia "samahani". Ananiomba mimi samahani! Tulipobakiza saa mbili akasema maumivu yamepungua, nikafurahi. Mganga hakufurahi. Kumbe kilikuwa kimepasuka.

Wamemfungua, wamemsafisha. Homa haishuki. Leo asubuhi aliniita kwa jina la dada yake.

Najua niliandika "hata awe nani". Sikujua ningekuwa mimi.

Usije.


Kiwanjani, 23 Aprili

Dada,

Umesema usijibiwe. Basi usisome, mwekee Mwalimu, au uwashie moto. Lakini niliahidi kutoficha.

Hewa ilikuwa safi. Ndege ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi.

Nilikuwa na mafua siku ya nne, na kikohozi cha kunikunja. Kuamkia Alhamisi sikulala hata saa mbili. Alfajiri nikameza vidonge viwili vya mafua, vile vinavyolegeza, kwa sababu siku hiyo sikuwa na safari. Wito wenu ulinikuta ofisini saa mbili na nusu. Nilikimbia, Dada. Sikukumbuka masharti wala karatasi. Nilijaza mafuta mwenyewe, nikaingia, nikafunga mkanda, nikaanza kusoma orodha ya kuwashia injini. Nikasoma mstari wa tatu. Nikausoma tena. Mara ya nne ndipo nikagundua kwamba sijui unasema nini, mstari ambao naweza kuusema nikiwa naoga.

Mama Spana akagonga kioo. Alikuwa ameshika kifuniko cha tangi la mafuta. Nilikiacha juu ya bawa.

Alikiinua tu nikione.

Nilikaa pale sijui muda gani. Akilini nilimwona shemeji, nilikuona wewe umesimama kiwanjani umeweka mkono juu ya macho. Nikasema moyoni, ni dakika hamsini tu hadi kwao. Ndipo nikaisikia ile sauti tamu. Naijua sauti ile. Ndiyo iliyonipeleka kwa mbuzi.

Nilishuka. Nikaketi chini ya bawa.

Kwenye redio nilisema hivi: "Mwambie dada yangu naumwa, siko sawa kuruka, natafuta rubani mwingine." Redio ilikuwa inakwaruza. Sasa najua kilichokufikia ni "haiwezekani". Nilipiga simu kila kiwanja ninachokijua. Mwenzangu yuko likizo, mwingine alikuwa hewani, wa tatu akakubali kufika kwenu saa tisa alasiri. Nilipoita tena saa nne, mlikuwa mmeshaondoka.

Nitakwambia na ambalo hukuuliza. Pengine ningefika. Kiwanja chenu nakijua, na siku ilikuwa njema. Pengine ningemfikisha hospitali kabla ya kupasuka. Na pengine ningesinzia, nyinyi wawili mkiwa nyuma yangu. Sijui, na sitajua kamwe. Nilichojua ni kwamba ilikuwa siku ya safari, na siku ya safari sina ruhusa ya kubadilisha kitu, hata nikiombwa na mtu ambaye kwa ajili yake ningefanya lolote.

Nimekaa na mafua yangu na nasubiri. Niambie anaendeleaje. Neno moja linatosha.

Kishungi


Wodi ya wanaume, kitanda namba 11, 2 Mei

Shemeji,

Neno moja ulilotaka: naendelea. Haya mengine ni ziada.

Homa ilishuka siku ya tano, ghafla, nikaamka nadai uji. Dada yako alilia kuliko alivyolia nilipokuwa mahututi, na uji ukaingia chumvi. Leo nimetembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, hatua ishirini na mbili. Gauni la hospitali lilikuwa wazi nyuma. Dada yako amelitia vifungo bila kuomba ruhusa ya mtu, na sasa wodi nzima inataka vifungo.

Barua yako ilifika Jumanne. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akatoka, akarudi kuniuliza, "Vidonge vya mafua vinalegeza kweli?" Nikamwambia amuulize daktari. Akamuuliza daktari, akamuuliza muuguzi, akamuuliza na mama anayefagia. Wote wakasema ndiyo. Akaketi akanisomea kwa sauti. Alipofika kwenye kifuniko cha tangi akaiweka barua magotini. Kisha akasema, "Alishuka." Basi. Akachukua sindano, akawatia watu watatu vifungo.

Kuhusu lile swali lako lisilo na jibu, mimi ni mwalimu na nitakujibu kwa kazi yangu. Kila mwaka nina mwanafunzi anayepata jibu sahihi kwa njia mbovu na anataka alama zote. Simpi, kwa sababu mtihani ujao ile njia itamwangusha. Wewe ulitumia njia sahihi, na jibu nusura litoke vibaya. Nimekaa na tumbo langu lenye nyuzi kumi na nne, nikasahihisha. Kumi kwa kumi.

Sasa siri, na ukiitoa nitakukana. Mimi naogopa ndege. Miaka yote ninaposema nitasafiri na basi kwa sababu ya mizigo ya vitabu, ni uongo. Nikiwa nimelala pale kituoni, tumbo linawaka, nesi aliposema haiwezekani, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa ahueni. Dada yako anafoka, mimi najisemea moyoni: asante, shemeji.

Mwalimu


Hospitali, 5 Mei

Kishungi,

Nimeacha kukasirika na wewe. Sasa nimekasirika na barabara.

Nilipotia sahihi ile karatasi nilidhani ni masharti ya watu wengine: wanunuzi wa ng'ombe, wafanyabiashara, watu wenye saa mkononi. Mtu wangu alipolala pale, nilitaka yafutwe yote kwa dakika moja. Na ungeyafuta ningekubusu, hata kama ungetuua.

Mganga wa kituo cha afya alikuja kumtazama Mwalimu na nimezungumza naye. Pale kwenye redio patabandikwa majina ya marubani watatu na viwanja vyao, na jibu litaandikwa neno kwa neno lilivyosemwa, lisifupishwe. Akaniuliza wazo ni la nani. Nikasema la fundi cherehani.

Daktari anamruhusu Mwalimu Jumamosi. Barabara ile hataiweza. Tunaomba utupeleke nyumbani, kama umelala, kama umepona, kama umekula, na kama unaona kila unachotakiwa kuona.

Mwalimu kasikia habari hii akageukia ukutani ghafla. Nadhani kidonda kinamuuma.

Dada yako


Kiwanjani, 14 Mei

Dada,

Natumaini Mwalimu anapumzika. Mwambie hakunisumbua hata kidogo. Abiria wengi hufumba macho, ingawa yeye ndiye wa kwanza kuhesabu saba-saba kwa sauti mpaka mia saba. Nilipomwambia shule yake iko chini yetu alifumbua jicho moja. Kisha la pili. Halafu akanigonga bega akaniashiria kwa kidole: zunguka. Tukazunguka. Akaashiria tena. Nilikuwa na mafuta ya saa nzima ya ziada, Dada, nimeyatumia dakika sita kumwonyesha Mwalimu paa la darasa lake, na sijawahi kufurahia mafuta kama hayo.

Nilikuwa nimelala saa nane. Nilikula. Mama Spana alinikagua mimi kwanza, kisha ndege.

Tajiri naye ameuliza kilichotokea siku ile ya Alhamisi. Nilimweleza yote, na kifuniko. Hakufurahi, lakini asubuhi nimekuta ameyabandika masharti ofisini, na amemwambia rubani mwenzangu, aliyerudi likizo, aandike ya kwake.

Jambo moja linanisumbua. Tulipokuwa juu ya mto uliinama mbele, ukaniwekea mkono begani, ukasema kitu kirefu. Nilikuwa na hedifoni masikioni na injini inanguruma. Nikatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia. Sikusikia hata neno. Nakiri. Ulisema nini?

Kishungi


Dukani, 25 Mei

Kishungi,

Kumbe hukusikia! Siku kumi na tano natembea mwepesi kwa ajili ya kichwa ulichonitikisia!

Nilisema unisamehe. Kwa ile barua ya benchi, na kwa lile neno "usije". Nilisema ulishuka kwenye ndege kwa sababu yetu, mimi nikaona umetuacha. Nilisema kwamba kule juu, nikikutazama kisogo, nimeona mtu mzima amekaa pale, nikashangaa aliingia lini. Yalikuwa maneno mazuri zaidi nilipoyasema, injini imeyala.

Mwalimu amerudi darasani nusu siku. Anawachorea watoto paa la shule lilivyo kutoka juu, na anawaambia watu wote mtaani kwamba yeye hajawahi kuogopa ndege maishani mwake. Mimi namjua tangu mwaka tuliooana. Hata kitabu chenye picha ya ndege hukifunua haraka. Usimwambie kwamba najua.

Nimekushonea shati la kazi, jeupe, mifuko miwili, kola ngumu. Njoo Jumamosi ulijaribu kabla sijapinda mikono. Hewa ikikataa, au ukikataa wewe, njoo siku nyingine. Shati halichachi.

Dada yako